Kufunga barza kwa vioo Goma: alumini, chuma au mbao?

Yaya wangu (huku kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama wanavyosema Dar es Salaam) alinitumia picha usiku mmoja. Chumba cha vioo kimeegemea nyumba ya matofali, fremu nyeupe za alumini, paa nalo la vioo, na nje theluji imefunika majani. Chini yake ameandika: "Mdogo wangu, nataka hii pale barzani. Unamjua fundi gani?"

Anakaa Kyeshero, katika nyumba ya mawe ya volkano yenye barza, yaani veranda, ya mita 4 kwa 3 inayotazama ziwa. Mimi nilishafunga yangu Katindo miaka michache iliyopita, kwa hiyo ananiona mtaalamu. Si mtaalamu. Nimekosea tu mapema kuliko yeye, na nimepata nafasi ya kuwaangalia wawili waliopita njia nyingine: jirani yangu aliyetumia chuma na shemeji yetu wa Ndosho aliyetumia mbao. Haya ndiyo niliyomwambia, kwa urefu kuliko alivyotaka kusikia.

Baridi ya wengine

Kule picha ilikopigwa, chumba cha vioo ni mtego wa joto. Jua la majira ya baridi linapita chini, linaingia kwa ubavu, na familia inajipatia miezi kadhaa ya kukaa kama wako nje. Ndiyo maana fundi wa huko anauliza kwanza ukuta upi unatazama kusini. Sisi Goma hatufiki hata nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita haliendi mbali na utosi mwaka mzima, na katika mwezi wa tatu na wa tisa linasimama wima kabisa. Kusini na kaskazini kwetu hakuna uzito. Uzito uko mashariki asubuhi, magharibi alasiri, na zaidi ya yote uko juu ya kichwa.

Baridi yetu nayo si ya kugandisha maji. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari; jioni unavaa sweta, usiku unatafuta blanketi, basi. Kinachotufukuza barzani ni mvua inayokuja kwa ubavu toka ziwani, upepo, na lile vumbi jeusi la lava linaloingia mpaka kwenye sukari. Tunataka kitu cha kuzuia mvua na vumbi bila kutupika mchana. Kwa hiyo vitu viwili vya kwenye ile picha nilimwambia avisahau palepale. Cha kwanza ni paa la vioo, nitalirudia. Cha pili ni zile profili za alumini (vipande virefu vya kutengenezea fremu) zenye ukanda wa plastiki katikati wa kukata baridi, pamoja na vioo viwili viwili vyenye hewa kati yake. Ni vitu vizuri, lakini unalipia kupigana na theluji ambayo haitakuja Kyeshero.

Chuma

Jirani yangu alichagua chuma kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Mafundi wa kulehemu wako kila mtaa, mabomba ya mraba yanapatikana Birere, mtaa wetu wa biashara, siku yoyote, na kazi yake iliisha kwa siku nne. Bei ilikuwa chini kuliko yangu kwa mbali. Tena chuma ni kigumu: kwa unene uleule, alumini inapinda mara tatu zaidi. Ndiyo maana nguzo za jirani ni nyembamba, zinapendeza, na vyuma vya kuzuia wezi vimelehemiwa humohumo, hakuna kazi ya pili.

Adui ni kutu, na Goma kutu ina msaada. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, unabeba gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani ya moshi huo inashuka ikiwa na asidi. Uliza mtu yeyote wa upande wa Sake mabati yake yanadumu miaka mingapi. Kwenye fremu, ugonjwa unaanzia pale palipolehemiwa, maana moto unaunguza kinga yote iliyokuwepo na fundi anapitisha rangi juu ya masizi bila kusugua. Mwaka wa tatu, kila kiungo cha jirani kilikuwa kinatoa machozi ya kahawia yanayoteremka ukutani. Hiyo unaiona na unaipaka rangi. Mbaya ni ile usiyoiona: bomba lililotobolewa ili kufunga bawaba linaingiza maji, maji yanakaa ndani, na chuma kinaoza kutoka tumboni hadi siku kidole kinapopenya.

Ukichagua chuma, ingiza kwenye hesabu rangi ya kuzuia kutu kila baada ya miaka miwili au mitatu, pamoja na mtu wa kuipaka. Ukishaiweka, tofauti ya bei inapungua sana.

Mbao

Watu wa Goma wanaidharau mbao kwa sababu wengi wetu tunaishi ndani yake. Baada ya lava ya Januari 2002 kufunika katikati ya mji, nyumba za mbao ziliota juu ya mawe meusi hata kabla hayajapoa vizuri, na tangu hapo mbao ikawa jina la umaskini. Dharau hiyo haina msingi.

Shemeji wa Ndosho alifunga barza yake kwa mbao, vioo vidogo vidogo vya sentimita 30 kwa 40 vilivyoshikwa na vipande vyembamba vya ubao. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, nyumba za matofali zilipata nyufa. Barza ya shemeji ililia kama kitanda kizee na haikuvunjika hata kioo kimoja. Misumari inacheza, ubao unakubali, kioo kidogo kinafuata. Na kama kimoja kingevunjika, ni kipande cha ukubwa wa daftari.

Mbao pia haishiki baridi wala joto. Ukiegemea fremu yake saa kumi na mbili asubuhi hushtuki.

Tatizo ni unyevu. Mkaratusi unauzwa ungali mbichi. Fundi anapima leo, mwezi ujao umejipinda, mlango haufungi. Muvula na libuyu ni mbao za kweli, lakini bei yake inakaribia alumini, na hata hizo zinataka mafuta au vanishi kabla ya kila msimu wa mvua. Goma msimu wa mvua ndio mwaka wenyewe. Kiangazi ni miezi michache. Shemeji ana mkono wa kazi na anapenda kushika brashi Jumamosi. Yaya hana, na watoto wake ndio kabisa.

Alumini

Sasa yangu. Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma. Haipati kutu ile nyekundu, kwa sababu inajivika ngozi nyembamba ya oksidi mara inapokutana na hewa, na ukiikwaruza inajivika tena. Profili zimenyooka, zina mifereji ya kuingiza mpira, na ule mpira ndio unaozuia vumbi letu. Hapo chuma na mbao haziikaribii. Tangu nifunge, meza ya barzani inafutwa mara moja kwa siku badala ya tano.

Lakini kosa langu la kwanza lilikuwa mpangilio wa kazi. Nilifunga fremu, halafu nikamwita mwashi apige plasta. Saruji mbichi ni kali kwa alumini. Palipodondoka na kukauka pameacha mabaka ya kijivu ambayo hayajatoka mpaka leo. Plasta kwanza, rangi ya ukuta, ndipo fremu. Kama mwashi lazima aje nyuma, funika fremu zote kwa plastiki na mkanda.

Kosa la pili si langu, ila nililipa mimi. Fundi alitumia skrubu za chuma cha kawaida kwa sababu zile zisizoshika kutu alisema ni ghali bure. Alumini na chuma vikigusana mahali penye maji, kimoja kinamla mwenzake. Miezi minane baadaye, kila kichwa cha skrubu kilikuwa na duara la kutu na unga mweupe pembeni. Tulizitoa zote, moja moja. Tangu siku hiyo nikienda kununua skrubu nabeba sumaku ya zamani ya spika: ikinata kwa nguvu, narudisha. Si kipimo kamili, lakini kimenisaidia.

Jingine ambalo hakuna aliyeniambia: alumini inarefuka juani. Fremu ya mita 4 ikitoka nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 50 za jua kali inaongezeka zaidi ya milimita 3. Chuma kinaongezeka karibu nusu ya hapo, kioo chini zaidi. Fundi akikibana kioo bila nafasi, au akiziba kila pembe kwa saruji, kitu fulani lazima kikubali kushindwa, na mara nyingi ni kioo. Mlio huo mchana mkavu, bila mtu kugusa chochote, unakufanya utafute nani amerusha jiwe.

Alumini pia inapitisha baridi kama haipo. Asubuhi, kama watu wamelala na madirisha yamefungwa, fremu inatoka jasho na maji yanateremka kwenye reli. Si kasoro, ila lazima reli ya chini iwe na matundu ya kutoa maji nje. Fundi akikuonyesha kazi, mimina kikombe cha maji kwenye reli. Yakibaki ndani, hajamaliza.

Na wezi. Profili nyembamba inapindwa kwa bisibisi kubwa. Mimi niliongeza vyuma nyuma ya vioo vya chini, yaani nimelipa alumini na nimelipa chuma. Kwa nguzo usikubali profili ambayo ukuta wake haufiki milimita 1. Beba kipimo chako, usipime kwa macho.

Ukiniuliza kwa nyumba ya mawe, ya mwenyewe, ya mtu asiyependa kupaka rangi, nasema alumini. Kwa nyumba ya mbao nasema mbao, bila kusita: usitundike mamia ya kilo za vioo kwenye fremu ya mikaratusi iliyopigiliwa misumari. Ukilazimisha alumini huko, iwe na nguzo zake yenyewe na msingi wake, isiegemee nyumba. Kwa nyumba ya kupanga, alumini tena, ila yote ya skrubu na nati: ukihama unaifungua. Chuma ningekipendekeza kwa mmoja tu, yule ambaye shida yake kubwa ni wezi na pesa iko kidogo mwaka huu.

Kioo

Hesabu ya uzito ni rahisi: kila milimita ya unene ni kilo 2.5 kwa mita mraba. Barza ya yaya, ukijenga kiukuta cha mawe cha sentimita 60 chini na kuweka vioo vya mita 1.6 juu yake pande tatu, inahitaji mita mraba 16. Kwa kioo cha milimita 4 ni kilo 160, kwa milimita 6 ni kilo 240. Kiukuta kile kinaokoa pesa, kinawazuia watoto na baiskeli, na kina kazi nyingine nitakayoisema mbele.

Kuna aina tatu za kuchagua. Kioo cha kawaida fundi anakikata mbele yako, kikivunjika unapata kingine siku ileile, ila kinavunjika kwa mapanga. Kioo kilichochomwa ili kuwa kigumu kinavunjika kuwa punje ndogo zisizokata sana, lakini kikishachomwa hakikatwi tena: vipimo vikikosewa kwa nusu sentimita, umenunua meza. Cha tatu ni kioo cha kubandikwa, vioo viwili na utando wa plastiki katikati kama kioo cha mbele cha gari. Kikipasuka kinabaki kimeshikana mahali pake.

Aliyekuwa Goma mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hahitaji kuelezwa vioo vinafanya nini mabomu yakilia. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya matetemeko, ningeweka cha kubandikwa pale watu wanapokaa na kulala mchana, na cha kawaida cha milimita 5 au 6 kwingine, vipande vidogo kuliko vile vya kwenye picha. Kioo kimoja cha mita 2 kinapendeza sana siku ya kwanza.

Milango ya kuteleza inaokoa nafasi, lakini vumbi la lava ni mchanga wenye meno na linakula magurudumu yake. Yangu inateleza, nina brashi ya mswaki kwa ajili ya reli tu. Yaya nimemwambia achukue mlango wa bawaba.

Paa

Hapa sikumpa nafasi ya kubishana. Mita mraba 12 za kioo cha kubandikwa, milimita 4 na 4, ni kilo 240 juu ya vichwa vya watu katika mji unaotetemeka. Zaidi ya hapo, kwa jua letu la wima, chumba hicho saa saba mchana ni tanuri la mkate.

Polikaboneti (shuka la plastiki ngumu inayopitisha mwanga) yenye vyumba vya hewa, ya milimita 10, ni kilo 20 hivi kwa eneo hilohilo. Haivunjiki kwa mvua ya mawe, inaleta mwanga laini. Ila ina upande mmoja wenye kinga ya jua, na ukiwekwa chini kimakosa shuka zima linageuka njano. Mafundi wanaotoa nailoni ya alama kabla ya kupandisha ndio wanaokosea. Bado inaingiza joto jingi, na mvua ikipiga juu yake humsikii mtu wa pembeni yako.

Suluhisho langu ni la kawaida mno: bati la kawaida, dari ya mbao chini yake na nafasi ya hewa katikati, halafu kipande kimoja cha polikaboneti cha upana wa sentimita 60 upande ule unaokutana na nyumba, ili sebule isiwe giza. Watu wanasahau hili la mwisho. Ukifunga barza, sebule iliyo nyuma yake inapoteza dirisha.

Usiunganishe paa hilo na la nyumba kwa kulehemu au saruji. Msingi mpya utatulia kwa njia yake, hasa kama chini ni kokoto za volkano zilizojaziwa si mwamba. Acha sentimita moja au mbili kati ya kipya na cha zamani, zijazwe kitu kinachonyumbulika, na bati dogo la kufunika juu.

Hewa

Hili ningeliweka la kwanza kama lisingemtisha kabla hajanisikiliza. Kyeshero, Himbi kwa upande wa ziwa, mpaka Bulengo na Mugunga, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, haina rangi, na inakaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Wanyama na watoto inawaua kwanza kwa sababu pua zao ziko chini.

Barza wazi inapitiwa na upepo. Ukiifunga kwa alumini nzuri yenye mpira mzuri, umetengeneza bakuli. Basi sakafu ya chumba kipya lazima iwe juu ya ardhi inayokizunguka, kamwe isichimbwe kushuka ili kupata urefu wa dari. Na kile kiukuta cha mawe kiachiwe matundu palepale usawa wa sakafu, upande wa mteremko, yasiyofungika, yenye wavu wa panya. Dirisha la juu halitoi gesi nzito. Kama kiwanja chako kinajulikana kuwa na mazuku, au wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wamekuta gesi hapo, usifunge kabisa. Weka paa na mapazia ya turubai ya kushusha mvua ikija.

Mbabula, yaani jiko la mkaa, nayo. Jioni ya baridi mtu ataingiza mkaa kwenye chumba cha vioo, ndivyo tulivyo. Gesi ya mkaa ni nyingine (kaboni monoksidi), haikai chini, inajaa chumba kizima, na matundu ya sakafuni peke yake hayatoshi. Weka na matundu ya juu chini ya dari, kisha piga marufuku mbabula humo hata hivyo.

Yaya alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza: "Sasa nikitoboa chini na juu, vumbi si litaingia?"

Litaingia kidogo.

Alichoagiza

Wiki iliyofuata alipata makadirio kwa mafundi watatu, yote kwa dola kwa mita mraba. Mmoja alikuwa chini ya wenzake kwa mbali, mpaka tulipouliza: je, bei ina kioo? Mpira? Skrubu za aina gani? Usafiri toka Birere? Anapima upana wa tundu au wa fremu? Baada ya majibu hayo alikuwa wa pili kwa ughali. Tulikubaliana na yule aliyekuja kupima mwenyewe mara mbili, mara ya pili plasta ikiwa imekauka, na malipo kwa vipande vitatu, cha mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Amechukua alumini ya kijivu kwa pande mbili, kiukuta cha mawe chini, mlango wa bawaba, bati na dari juu. Upande wa tatu, ule wa mteremko kuelekea ziwani, ameuacha wazi na wavu na turubai. Ile picha ya theluji bado iko kwenye simu yake. Juzi alinitumia nyingine, ya jiko.